Mjomba ana kansa ya figo imeingia kwenye mshipa mkubwa wa damu, twende Dar sasa au tusubiri hela ya korosho?

MpwaWaTandahimba:

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mnisome mpaka mwisho mana hapa nilipo nimechanganyikiwa na kikao cha ukoo kimeniachia mzigo mimi.

Mjomba wangu ni mkulima wa korosho huko Tandahimba, ana miaka 58, ndo mkubwa wetu upande wa mama na ndo alonisomesha mimi na wadogo zangu. Tangu mwaka jana alikua anakojoa damu, inakuja siku mbili tatu inakata, haumwi popote, akienda anapewa dawa za kichocho anameza, damu inakata kweli, baada ya muda inarudi tena. Juzijuzi hapa miguu yote miwili ikaanza kuvimba, majirani wakasema hayo matende, na tumboni kwa pembeni akatoa mishipa imetuna inaonekana kwa macho hata akivaa singlendi. Nikamleta Mtwara mjini kwangu Chikongola, ultrasaundi ikaonesha uvimbe kwenye figo ya kulia, tukaambiwa tupige siti skani.

Ripoti ya siti skani imeandika uvimbe una sentimita 9, umeingia kwenye mshipa wa figo na umepanda kwenye ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, vena kava, unaishia chini ya mishipa ya ini. Mapafu hayana kitu, ini halina kitu, figo ya kushoto nzima. Dokta kaandika rufaa ya Muhimbili na kasema tusikae nayo.

Sasa kwenye kikao wazee wamesema mambo matatu. La kwanza, kansa ikishaingia kwenye mshipa wa damu basi ishaenda mwili mzima, kumpasua ni kumuwahisha. La pili wanasema uvimbe ukipigwa upepo unasambaa. La tatu ni hela, mpaka minada ya korosho ifunguliwe Oktoba hakuna hela ya maana, na sasaivi ndo kwanza Julai. Mjomba mwenyewe kakaa kimya ananiangalia mimi.

Maswali yangu: hii kitu inatibika au ndo tunamsindikiza? Hiyo oparesheni inafanywaje mpaka watoe kitu kwenye mshipa unaoenda kwenye moyo mtu asife? Na kwanini wasimpe tu dawa za kuyeyusha damu hilo donge liyeyuke? Na je tukisubiri Oktoba kuna ubaya gani?

Shangani_Mashariki:

Pole sana ndugu yangu. Mimi naongea kwa uchungu, babu yangu alipasuliwa uvimbe wa tumbo hakumaliza wiki mbili. Kansa ya kwenye damu haina dawa, mngemrudisha nyumbani akae na watoto wake, kuna mzee yupo Newala anatoa dawa za mizizi watu wanapona, ukitaka nikuelekeze.

SistaWaThieta:

Mpwa pole, na Shangani pole kwa babu, najua unaongea kwa kuumia. Ila naomba niseme hapa kwa nguvu kabisa maana mimi ni nesi wa thieta, kwetu Lindi, nimefanya kazi Dar miaka mingi kwenye vyumba vya oparesheni na hizi za figo zilizoingia kwenye mshipa nimesimama nazo. MSIMRUDISHE NYUMBANI.

Kwanza hiyo sio kansa ya damu. Kansa ya damu ni ugonjwa mwingine kabisa. Hii ni kansa ya figo ambayo imeota ikatambaa ndani ya mshipa kama mzizi ulioingia kwenye bomba la maji, mara nyingi haijashika ukuta wa bomba, inaelea tu ndani huku shina lake lipo kwenye figo. Ndo mana inaweza kuvutwa ikatoka nzima pamoja na figo. Kansa ya figo ina tabia hiyo ya kuingia kwenye mishipa, kati ya wagonjwa mia wanne mpaka kumi hivi unakuta imefika kwenye vena kava, na wengi wao ni wa figo ya kulia kwasababu mshipa wa figo ya kulia ni mfupi, sentimita 2 mpaka 4 tu ishafika kwenye vena kava, wa kushoto unasafiri mrefu zaidi.

Na kuingia kwenye mshipa hakumaanishi imeshasambaa. Sikilizeni hili wazee. Mgonjwa ambaye mapafu, ini na mifupa ni safi, akitolewa figo na hicho kilichomo kwenye mshipa chote, tafiti nyingi zinaonesha karibu nusu yao wanakuwa hai baada ya miaka mitano, wengine wanapona moja kwa moja. Wasiopasuliwa wengi hawamalizi mwaka. Hii tofauti ni kubwa mno kuiacha kwa maneno ya upepo. Upepo hausambazi kansa. Watu walikua wanapasuliwa wakakutwa kansa ishaenea, wanashonwa, wanafariki, familia inasema ni ule upepo, kumbe ilikua ishaenea toka mwanzo na wakati ule vipimo vya kuangalia kabla havikuwepo.

Sasa oparesheni yenyewe. Kitu cha kwanza madaktari wanachotaka kujua ni imepanda mpaka wapi, na wameipa viwango. Ikiwa bado kwenye mshipa wa figo tu ni sifuri. Ikichungulia kwenye vena kava haizidi sentimita 2 ni cha kwanza. Ikipanda zaidi ila haijafika kwenye mishipa ya ini ni cha pili, na kwa ulivyoandika mjomba wako yupo hapo. Ikipita mishipa ya ini ila bado chini ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua ni cha tatu. Ikivuka kiwambo au ikaingia kwenye chumba cha kulia cha moyo ni cha nne. Hicho kiwango ndo kinaamua nani anasimama mezani na hospitali gani inaweza.

Kwa cha pili inafanyika hivi, naelezea nilivyoiona. Mgonjwa anapigwa nusukaputi, anawekewa mipira mikubwa ya drip shingoni na mkononi maana damu inaweza kutoka nyingi ghafla. Wanapasua tumbo pana chini ya mbavu au katikati kushuka chini. Utumbo unasogezwa pembeni, wanaitafuta ateri inayopeleka damu kwenye figo wanaifunga KWANZA, uvimbe unakosa damu unasinyaa kidogo na mishipa ile iliyotuna inapungua. Halafu vena kava inazungushiwa mikanda laini, mmoja chini ya figo, mmoja kwenye mshipa wa figo ya kushoto, mmoja juu kabisa ya pale ncha ya uvimbe inapoishia. Hapa chumba kizima kinakua kimya maana hairuhusiwi mtu kuminyaminya ule mshipa kabla ya mikanda kukazwa, kipande kikikatika kikaenda kwenye mapafu mgonjwa anaweza kufia palepale mezani. Mikanda ikikazwa mshipa unakua hauna damu inayopita, daktari anaukata kwa urefu pale figo inapoingilia, anaitoa ile kitu taratibu pamoja na figo yenyewe kwa mkupuo mmoja, nimeiona ikitoka ndefu kama kidole cha shahada, rangi ya njano inayochanganyika na nyekundu. Anaosha ndani ya mshipa, anaangalia ukutani kama kuna iliyobaki, anashona kwa uzi mwembamba sana, wanatoa hewa, wanafungua mkanda mmoja mmoja. Muda wa mshipa kufungwa ni dakika tu, sio masaa.

Ikikutwa imeshika ukuta inabidi kipande cha ukuta kikatwe na kuwekewa kiraka, ndo mana ukiuliza dokta atakwambia hawezi kuahidi mpaka aone ndani.

Cha tatu ni kazi nyingine. Ini lazima linyanyuliwe lilazwe upande wa pili waone vena kava kwa nyuma, na damu inayoingia kwenye ini inazuiwa kwa muda. Na cha nne ndo anaitwa daktari wa upasuaji wa moyo, kifua kinafunguliwa, mgonjwa anaunganishwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na wakati mwingine mwili unapozwa mpaka kama nyuzi joto 18 au 20 damu isimamishwe kabisa wasafishe chumba cha moyo. Hatari ya kufa kwenye cha nne inaweza kufika mtu mmoja kati ya kumi, kwenye vya chini ni ndogo kuliko hapo kwa mbali.

Sasa nadhani unaona mwenyewe kwanini habari ya kusubiri Oktoba inanitisha. Leo ni cha pili.

MpwaWaTandahimba:

Dada nimesoma mara tatu, Mungu akubariki sana. Nimemsomea na mjomba, alivyosikia nusu yao wapo hai baada ya miaka mitano kaniambia "basi twende" maneno mawili tu. Ila bado swali la dawa ya kuyeyusha damu, mana kwenye ripoti wameandika neno kama damu iliyoganda, na kuna jamaa wa duka la dawa kaniambia kuna vidonge vya kuyeyusha.

TabibuWaNyangaoRoad:

Niingie hapo. Mimi ni tabibu huku kwenye ukanda wetu wa Lindi.

Kilichomo kwenye mshipa wa mjomba ni nyama ya uvimbe, sio damu iliyoganda, na hakuna dawa ya kuzuia damu kuganda inayoweza kuiyeyusha. Heparini haitaigusa, wafarini haitaigusa. Kinachotokea ni kwamba pale damu inapokua inapita kwa shida, damu ya kweli inaweza kuganda juu ya ile nyama au kwenye miguu, na ndo hapo daktari anaweza kuamua apewe sindano za kuzuia isiendelee kuganda wakati anasubiri oparesheni. Ila aamue daktari, na kipimo chake. Tafadhali sana msinunue vidonge vya aina hiyo dukani, mjomba anakojoa damu, mkimuongezea dawa ya kufanya damu isigande bila usimamizi anaweza kutokwa damu mpaka mkashindwa kuizuia. Na msimpe aspirini ovyo wala diklofenaki za kutuliza maumivu kila siku, hizo zinaumiza ile figo ya kushoto ambayo ndo atabaki nayo maisha yake yote.

Sasa naomba nitoe la moyoni kwa wote mnaosoma hapa kutoka Mtwara na Lindi maana hii hadithi ya mjomba naiona kila mara. Kwetu huku mtu akikojoa damu jibu la kwanza ni kichocho, na ni kweli kichocho cha mkojo kipo kwetu, watoto wanaooga kwenye mabwawa na mito wanacho. Lakini mtu wa miaka 40 na kuendelea, akakojoa damu, akameza praziquantel, damu ikarudi, huyo ni ULTRASAUNDI, sio dozi nyingine. Damu ya kansa ya figo inakuja na kukata yenyewe, kwaiyo unameza dawa leo inakata kesho unasema dawa imefanya kazi. Mkojo upimwe kwa hadubini, kama hakuna mayai ya kichocho mbona tunaendelea kumpa dawa ya kichocho?

Miguu nayo hivohivo. Matende kwetu yapo miaka yote na watu wamezoea. Matende mara nyingi yanakuja polepole kwa miaka na mguu mmoja unazidi mwingine, ngozi inakua ngumu. Miguu yote miwili kuvimba ndani ya wiki chache na mishipa kutuna tumboni ina maana damu inayopanda kutoka miguuni imezibiwa njia, inatafuta njia za pembeni. Na kwa wanaume kuna hii, pumbu upande mmoja kuvimba mishipa ghafla ukubwani, na ukilala chali haipungui, watu wanasema busha wanasubiri kambi ya kupasua mabusha ije. Kumbe mshipa wa korodani unamwaga damu kwenye mshipa wa figo upande wa kushoto, au kwenye vena kava upande wa kulia, kukiziba huko juu huku chini kunatuna. Mganga yeyote akiona hivyo ampige mgonjwa ultrasaundi ya figo, inachukua dakika chache.

Kingine watu wanauliza sana, kipimo cha kukata kinyama. Kwa hali ya mjomba, siti skani yenye dawa ikionesha hivyo mara nyingi hawakati kinyama kabla, wanapasua na figo nzima inaenda kupimwa maabara. Kinyama kinahitajika zaidi pale wanapotaka kuanza na dawa kabla ya kupasua. Msije mkadhani wamerukwa na kipimo.

Shangani_Mashariki:

Tabibu nimekuelewa na Sista nimekuelewa, mie nimefuta lile la Newala kichwani mwangu. Nina swali, mtoto wa dada yangu Nachingwea ana miaka minne, tumbo limevimba upande mmoja wakasema figo pia na imeanza kuingia kwenye mshipa, na yeye anapasuliwa moja kwa moja kama huyu mjomba?

TabibuWaNyangaoRoad:

Hapana, ya watoto ni kansa nyingine, inaitwa uvimbe wa Wilmsi, na hiyo inasikia sana dawa za kemo. Ikiwa imeingia kwenye mshipa kawaida wanaanza kemo wiki kadhaa, uvimbe unasinyaa na kilichomo kwenye mshipa kinarudi chini, ndo wanapasua. Watoto wengi wanapona wakiwahi. Mtoto apelekwe wadi ya watoto wenye kansa Muhimbili, na wasimbonyezebonyeze tumbo, kila ndugu anayekuja kuangalia asiruhusiwe kulishika. Fungua uzi wake tuongee vizuri. Kwa watu wazima kemo ya kawaida haifanyi kitu kwenye kansa ya figo na mionzi sio tiba yake kuu, kisu ndo tiba.

MamaKilwaMasoko:

Nimesoma nikalia. Mume wangu alipitia hii, na yupo hai, wiki hii alikua Kivinje kununua samaki.

Yeye ilikua figo ya kulia na ilipita kwenye mishipa ya ini kidogo, kwaiyo kile cha tatu alichosema Sista. Kuna kituo kimoja tulikua tunaenda, jina nitaliacha, wamempa dawa za kichocho mpaka mimi mwenyewe nikawa nazinunua kabla hajaandikiwa. Nilichojifunza niseme kwa wifi na mashemeji wote wanaouguza ni haya.

Siti skani yenu isikae. Sisi tulifika Dar na picha ya zamani kidogo wakasema warudie, mana hii kitu inapanda, na wanataka picha ya karibuni kabisa kabla ya kuingia thieta, isizidi mwezi, na wengine wanataka iwe ya wiki hiyo. Kwetu ilikua imepanda. Picha ya kwanza ilikua chini ya ini, ya pili ikawa imepita. Ndo oparesheni ikabadilika, wakaitwa na madaktari wa moyo wakae tayari endapo itahitajika ile mashine, na hapo ndo nikaelewa kwanini walitaka tupelekwe palipo na taasisi ya moyo jirani, ile ya Jakaya Kikwete ipo humohumo ndani ya eneo la Muhimbili. Mashine haikutumika, Mungu alisaidia, ila damu aliongezewa nyingi.

Kwaiyo ndugu wachangie damu kabla. Msiende Dar mgonjwa na mtu mmoja. Waambieni vijana wa ukoo waliopo Mbagala, Tandika, Temeke, hakuna ukoo wa kusini usio na vijana huko, waende kuchangia, hata kama group sio moja benki ya damu inapokea.

Baada ya oparesheni alikaa ICU, ana mpira wa mkojo, mpira ubavuni unaotoa maji ya damu, mpira puani. Mtakapoingia kumuona msishtuke na ile mipira, mimi nilianguka. Siku zilizofuata walikua wanampima kreatinini kila asubuhi kuangalia figo iliyobaki kama inabeba kazi, ilipanda kidogo ikashuka. Wakamtembeza mapema, hata mimi nikaona wanamtesa, kumbe ni kuzuia damu isigande miguuni. Mguu uliovimba ulipungua wenyewe ndani ya wiki chache, viatu vyake vikamuingia.

Majibu ya maabara yalisema ni kansa ya figo ya aina ya kawaida na kingo za mshipa zilikua safi. Sasaivi anarudi kupigwa picha ya kifua na tumbo, mwanzoni ilikua kila baada ya miezi michache, sasa imekua mara chache zaidi. Walituambia pia kuna dawa za kinga za kupunguza kurudi kwa ugonjwa baada ya kupasuliwa, pembrolizumabu, bei yake tukashindwa, hatukutumia. Ulizeni, huenda kwenu ikawa tofauti.

MpwaWaTandahimba:

Mama Kilwa ahsante, nimepata nguvu. Nimeongea na wazee jana usiku, nikawaonesha ya kwenu. Nao wamekubali. Kilichobaki ni hela, na hapa ndo tumekwama, kuna jamaa kashakuja anataka tumuuzie korosho za msimu ujao kangomba, yani nje ya mnada, anatoa hela taslimu leo leo, kwa bei ya kuumiza kabisa.

SistaWaThieta:

Mpwa usiuze kangomba kabla hujajua unadaiwa nini. Fanya hivi. Ana bima? Kama ana kadi yoyote nenda nayo na ulizia kifurushi chake kinabeba upasuaji mkubwa na ICU au la, kabla ya kusafiri, ofisi ya bima ipo hapohapo Mtwara. Kama hana, ukifika hospitali onana na ustawi wa jamii SIKU YA KWANZA, usisubiri mpaka bili itoke. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yake, mkulima, tegemezi wangapi. Wanafanya tathmini, wapo wanaopunguziwa, wapo wanaolipa kidogokidogo, na wapo wanaosamehewa. Sikuahidi kwamba itakua bure, ila nimeona watu wameuza shamba zima kisha wakagundua wangesaidiwa sehemu. Mkikosa kabisa, bora mikorosho michache ikodishwe kwa mkataba wa maandishi mbele ya serikali ya kijiji kuliko kumpa jamaa wa kangomba msimu mzima.

Na kwenye kliniki ya kwanza mkamuulize daktari haya, yaandike kwenye karatasi maana ukifika pale unasahau: imefika kiwango gani leo? Ukuta wa mshipa umeshikwa au unaelea? Mifupa na kichwa vimeangaliwa? Nani atasimama kama ikivuka ini? Hospitali inafanya hizi mara kwa mara? Hili la mwisho usione aibu kuuliza, hii ni oparesheni ambayo mkono uliozoea una maana kubwa, na daktari mzuri hakasiriki ukimuuliza.

Na kama watakuta imeshaenda kwenye mapafu kwa picha mpya, bado msikate tamaa palepale, hapo mpango unabadilika, wengine wanaanzishwa dawa kwanza, wengine bado wanapasuliwa kwa ajili ya damu na uvimbe wa miguu. Itajadiliwa na timu.

MpwaWaTandahimba:

Sawa dada. Jamaa wa kangomba nimemwambia asubiri. Wadogo zangu watatu wa Mbagala wamekubali kuchangia damu. La mwisho kabisa, tunasafiri na basi, Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560, na miguu imevimba vile. Tuna wasiwasi na kukaa muda wote huo.

TabibuWaNyangaoRoad:

Wasiwasi wenu ni wa kweli. Kabla ya kupanda rudini kwa dokta aliyeandika rufaa mumwambie mnasafiri kwa basi na miguu imevimba, aamue kama apewe sindano ya kuzuia kuganda au asafiri na gari la wagonjwa au ndege kama mna uwezo. Akisema basi ni sawa, mkatie siti ya mbele karibu na mlango, asikunje miguu, akanyage na kuachia visigino kila baada ya dakika chache, ashuke atembee Lindi, Nangurukuru, Kibiti, kila basi linaposimama. Anywe maji, watu wanakataa kunywa maji safarini kwa kuogopa haja, yeye asikatae, na akikojoa damu yenye mabonge mpaka mkojo ukaziba, shukeni hospitali ya karibu msisubiri Dar. Akipata kubanwa kifua ghafla au pumzi kukata, hiyo ni dharura, konda ajulishwe basi lisimame hospitali. CD ya siti skani na ripoti zikae kwenye begi la mkononi, zisiwekwe kwenye buti.

MpwaWaTandahimba:

Nimeelewa tabibu. Kesho asubuhi tunarudi kwa dokta kwanza, tiketi nitakata baada ya hapo.